Utando Usioonekana kwa Aliyesimama

Wahenga waliposema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, hawakuwa wakizungumzia vitanda peke yake, ingawa kitanda hutoa somo hilo vizuri kuliko mwalimu yeyote. Kitu kikishaingia mvunguni hakina habari na cheo chako. Uwe waziri, uwe mchunga mbuzi, ndala yako ikisukumwa chini ya kitanda utapiga magoti, utashusha kichwa, na pengine utavuta vumbi puani kabla hujaishika. Asiyetaka hayo na abaki peku. Hadithi hii ni ya mtu aliyekubali kubaki peku kwa wiki nyingi, naye alikuwa msomi kweli kweli, si msomi wa kubandika.

Aliitwa Dokta Ezekiel. Alizaliwa Gairo, mama yake akiwa mkulima wa karanga, na kichwa chake kilikuwa chepesi tangu utotoni. Alipanda ngazi za elimu moja baada ya nyingine mpaka akavuka bahari, akarudi na shahada ya uzamivu, na chuo kimoja cha mjini Morogoro kikamwajiri akiwa na miaka thelathini na mitatu tu. Maabara aliyokabidhiwa ilitazamana na mlima. Asubuhi za masika kilele cha Lupanga kilifunikwa na mawingu, na saa nne kilijitokeza kikiwa kimeoshwa, kijani kibichi. Dokta Ezekiel hakuwa na muda wa kukitazama.

Kazi yake ilikuwa ya kustaajabisha, na heri tuieleze mapema msomaji asije akaachwa njiani. Alitengeneza utando. Si wa buibui wala wa maziwa, bali utando unaojengwa juu ya kioo kwa vitu viwili: chembe za metali, na chembe za rangi fulani iliyo jamaa na ile inayoipa damu wekundu wake. Metali hukaa kama vifundo, rangi hukaa kama fito, vikashikana vikawa kiunzi chenye vyumba vitupu visivyohesabika, mfano wa nyumba iliyosimamishwa fito kabla ya kukandikwa udongo. Tabaka moja hupanda juu ya jingine hadi yatimie arobaini. Hata hivyo, unywele mmoja ukipasuliwa vipande mia tano, kipande kimoja kitakuwa kinene kuliko utando wote huo. Na ajabu yake ni kwamba mwanga wa buluu ukiupiga, umeme mdogo hupita ndani yake, na kijimita kilichofungwa pembeni husema mwanga huo una nguvu kiasi gani.

Nani anahitaji kitu kama hicho? Muulize Muuguzi Winfrida, msimamizi wa wodi ya watoto wachanga katika hospitali moja ya mjini hapo. Watoto wengine huzaliwa wakageuka manjano, macho na ngozi, na dawa yao ni kulazwa chini ya taa ya buluu. Taa hizo huzeeka kimyakimya. Macho ya binadamu huziona zinawaka vilevile, kumbe nguvu ya kuponya imekwisha zamani. Winfrida alikuwa na taa nne na kipimo hana, na kila alipomlaza mtoto alikuwa anabahatisha, jambo lililomkosesha raha hata akiwa nyumbani kwake.

Kabla Dokta Ezekiel hajafika, utando ulikuwa ukitengenezwa kwa mkono na fundi sanifu wa maabara, Bi. Mwaisha, mama wa Kiluguru mwenye miaka hamsini na minne, mwenyeji wa milima ya upande wa Kinole. Alifanya kazi miaka ishirini na sita chini ya profesa aliyestaafu mwaka uliotangulia. Vioo vitatu alivyovitengeneza vilijibu mwanga bila kosa, na ndivyo vilivyoufanya mradi ukubaliwe. Wakaguzi wa mradi waliomba vingine sita, wajiridhishe kwamba vile vya kwanza havikuwa bahati nasibu.

Siku ya kwanza Dokta aliingia maabara akasema, "Habari za kazi."

Bi. Mwaisha alisubiri kidogo. Mtu wa umri wa mwanawe, tena wa Gairo, alitarajia kusikia shikamoo. Haikuja. Akajibu kwamba kazi ni nzuri, kisha akafungua kisanduku, akampa kioo kimoja kati ya vile vitatu akikishika pembeni kwa ncha za vidole.

Dokta akakiinua juu usawa wa taa. "Sioni kitu," alisema.

"Inama kidogo, Dokta. Kitazame kwa ubavu, ukielekeze dirishani. Utauona."

Dokta Ezekiel hakuinama. Alikirudisha kioo kisandukuni, akatabasamu kwa adabu ya watu wenye haraka. "Mimi hutazama kwa mashine, mama," alisema, akatoka.

Mashine yenyewe ilikuja baada ya wiki mbili, imefungwa katika sanduku la mbao. Ilikuwa na mkono wa chuma wa kushusha na kupandisha vioo: kwenye kikombe cha metali, kwenye kikombe cha spiriti kusuuza, kwenye kikombe cha rangi, kwenye spiriti ile ile tena. Unaipa namba unaondoka. Dokta aliizunguka mara tatu akiisifu, na tuseme kweli ilikuwa nzuri.

"Mama, likizo yako ya mwaka huu na uliopita hujaigusa," alimwambia Bi. Mwaisha. "Nenda kapumzike. Niachie daftari tu."

Bi. Mwaisha alimpa kaunta buku lake lenye jalada lililokwisha kona. Ndani yake kila kitu kimeandikwa: vipimo vya metali, vipimo vya rangi, dakika za kila mchovyo, joto la chumba. "Yote yamo," alisema. "Ila, Dokta, kuna mambo ya mkono."

"Mashine ina mkono."

Bi. Mwaisha alifunga mkoba wake, akavua koti jeupe akalitundika nyuma ya mlango, akapanda mlimani kwao.

Kioo cha kwanza cha mashine kilitoka na ukungu, kama kioo cha bafuni mtu akishaoga maji ya moto. Kilipowekwa chini ya mwanga wa buluu, namba za kijimita hazikutikisika. Dokta alidhani spiriti ni mbovu, akaagiza nyingine. Kioo cha pili kikawa na ukungu. Akadhani ni unyevu wa masika, akaziba madirisha kwa karatasi za nailoni mpaka yeye na mwanafunzi wake wakawa wanatoka jasho kama waokaji mikate. Cha tatu ukungu. Alibadili metali, akabadili rangi, akapunguza kasi, akaongeza kasi. Akafunua kaunta buku tena, akasoma kila mstari kwa kidole. Hakuna alichokosea, na bado aliambulia patupu.

Mwanafunzi huyo wa uzamili aliitwa Angelina, binti mpole aliyefika chuoni mashine ikiwa imeshaanza kazi, hivyo mkono wa Bi. Mwaisha hakuwahi kuuona. Wiki ya nne ilipoingia alipiga moyo konde. "Dokta, kwa nini tusimuulize Mama Mwaisha?"

"Nimuulize nini?" Dokta alijibu bila kuinua macho. "Daftari si hili? Unafikiri kuna kemia ambayo mimi siijui na yeye anaijua?"

Angelina akarudi kwenye vioo vyake. Hapo palikuwa na siku kumi na mbili tu kabla ya wakaguzi kufika. Barua yao ilikuwa imebandikwa ukutani, na ilisema mambo waziwazi: Alhamisi ya mwisho wa mwezi, vioo sita vinavyofanya kazi, vipimwe wodini mbele yao. Vikikosekana, mradi unafungwa na vifaa vyote vinahamishiwa kwingine. Kana kwamba barua haitoshi, Winfrida naye alipiga simu. "Dokta, mimi sitaki makala. Niambie tu taa ipi ni nzima na ipi ni pambo." Dokta alimwahidi kwamba mambo yanakaribia kukamilika. Alipokata simu alishika tama, maana alijua amesema uongo.

Ijumaa jioni, ikiwa imebaki wiki kasoro siku moja, alimpigia mama yake Gairo. Hakuwa na la kumwambia. Mtu akielemewa husikia tu hamu ya sauti ya mama. Mama alikuwa amerudi shambani.

"Mgongo, baba, mgongo," alilalamika akicheka. "Leo nimemaliza vijaruba vitano."

"Mama, si nilisema uweke vibarua?"

"Nimeweka. Nao wameinama vilevile. Karanga zipo chini, Ezekiel. Umesoma wewe, zipo za kung'oa mtu akiwa amesimama?"

Walizungumza na mengine, habari za mvua na za wajukuu, lakini Ezekiel hakuyasikia vizuri. Baada ya simu alikaa kitako kwenye stuli ya Bi. Mwaisha, stuli fupi aliyokuwa akiicheka, akatazama koti jeupe nyuma ya mlango. Aibu ilimshika, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Kesho yake alfajiri alikuwa barabarani.

Alikodi bodaboda kupitia Bigwa na Kiroka, na pale barabara ilipoanza kuteleza akashuka, akaendelea kwa miguu. Viatu vyake vya ngozi vilikuwa vya mjini. Alianguka mara moja mbele ya akina mama wawili waliobeba mikungu ya ndizi. Wakampa pole, wakaenda zao, akawasikia wakicheka kwenye kona. Kila alipomuulizia Bi. Mwaisha aliongozwa kupanda zaidi, kupita minanasi, kupita midalasini, mpaka akafika kwenye shamba la ukoo wa mama wa Bi. Mwaisha, maana kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na Bi. Mwaisha alikuwa uani amejifunga khanga, anasuuza vyombo.

Dokta Ezekiel alisimama. Kisha akapinda magoti kidogo, kama alivyofundishwa Gairo akiwa mtoto. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema Bi. Mwaisha, akamtazama kuanzia uso hadi matope ya viatuni. "Karibu, mwanangu. Ya heri?"

Alikaribishwa mkeka, akaletewa chai ya mdalasini na mihogo. Mgeni akaanza kuzunguka: aliuliza habari za ndizi, za mvua, za bei ya pilipili manga. Bi. Mwaisha alijibu yote kwa upole. Mwishowe akaweka kikombe chini. "Dokta, mtu hapandi mlima huu na viatu hivyo kwa ajili ya kuulizia ndizi."

Ezekiel naye aliweka chake. "Mama, nimeshindwa," alisema. "Nimefuata daftari lako neno kwa neno, na kila kioo kinatoka na ukungu. Wakaguzi wanakuja Alhamisi. Ulipoondoka uliniambia kuna mambo ya mkono nikakukatisha, nilikosea. Naomba unifundishe."

Yalikuwa maneno machache, lakini yalimtoka kwa taabu kuliko mtihani wowote aliowahi kuufanya. Bi. Mwaisha hakumsimanga. Alimwita bintiye, Zuhura, aliyekuwa ndani na mtoto mchanga, akamwomba aonyeshe mabakuli yalipo, kisha akapanga chini uani mabakuli matatu. Katika moja aliweka maji ya binzari, katika jingine maji ya rozela, na katikati maji matupu. Akampa Ezekiel kijiko.

"Kijiko ndicho kioo chako. Binzari ndiyo metali, rozela ndiyo rangi. Nionyeshe mashine inavyofanya."

"Hapa chini?"

"Hapa chini."

Dokta Ezekiel akachuchumaa, suruali yake ya pasi ikifagia udongo. Akachovya kijiko kwenye binzari, akakipitisha kwenye maji matupu, akakichovya kwenye rozela, akakipitisha kwenye maji, akarudi binzari. Alifanya hivyo mara kumi huku Bi. Mwaisha akitazama.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Tazama bakuli la katikati."

Ezekiel aliinama akatazama. Yale maji matupu hayakuwa matupu tena. Yalikuwa na manjano ya binzari na wekundu wa rozela, na chini kulianza kutuama unga. Alibaki ameinama hivyo hivyo. Maana sasa aliona. Metali na rangi vilikuwa vikikutana ndani ya kikombe cha kusuuzia, vikajenga vijumba vyao humo humo vikielea, kisha vikaja kuangukia kioo kama vumbi. Ule ukungu ulikuwa vumbi hilo. Kemia yake aliijua tangu mwaka wa pili wa chuo, angeweza kuifundisha hata usingizini.

"Hapo umekilowesha, hujakiosha," alisema Bi. Mwaisha. Akachukua kijiko, akaweka vikombe vitatu vya maji safi. Akakizamisha katika cha kwanza, akagusisha ncha yake kwenye kitambaa tone liishie hapo. Cha pili, kitambaa. Cha tatu, akakiinua akakichungulia. Mikono yake ilikwenda taratibu, bila tone kupotea, na Ezekiel, aliyewahi kutembelea maabara kubwa kubwa za watu, alikiri moyoni kwamba hajapata kuona mikono safi kama hiyo. "Kikombe cha kwanza kinaondoa. Cha pili kinaondoa kilichobakishwa. Cha tatu ni shahidi. Maji yake yakibaki meupe, endelea. Yakiwa na rangi hata kidogo, ongeza cha nne. Na cha kwanza unakimwaga kila zamu, usikibembeleze."

"Mbona hukuandika, mama?"

Bi. Mwaisha alimshangaa kwa dhati. "Niandike nini? Tangu madrasa, nina miaka sita, tukitia udhu: mikono mara tatu, uso mara tatu, miguu mara tatu. Sufuria la bibi mara tatu. Hapa kwetu hata mtoto akisuuza kikombe mara moja anaambiwa arudie. Wewe ukiandika daftari lako, huwa unaandika na kwamba ulivuta pumzi?"

Ezekiel alicheka, kicheko cha kwanza tangu mwezi uanze, na Bi. Mwaisha akacheka naye. "Mashine yako haina kosa," aliongeza. "Mkono inao. Macho ndiyo haina."

Wakati huo Zuhura alitoka na mtoto, akaketi ukingo wa baraza. Kichanga kilikuwa kinene, kinalala. Bi. Mwaisha alimtazama mjukuu wake.

"Huyu alizaliwa wa manjano," alisema. "Kituo cha afya cha huku juu wana taa moja. Ilikuwa inawaka mpaka inaumiza macho. Siku tatu, nne, mtoto hashuki umanjano, hanyonyi, ananilegea mkononi. Nikasema mimi hii taa siiamini. Tukambeba usiku huo huo hadi mjini, akapona chini ya taa nyingine. Muuguzi wa huku si mkosaji, Dokta. Angejuaje? Nitakufundisha yote, lakini nina sharti. Kioo cha kwanza kitakachokubali, kiletwe huku juu kituoni."

"Nimekubali," alisema Ezekiel. "Twende basi, mama. Tushuke leo."

"Sishuki. Arobaini ya Zuhura tangu ajifungue inaisha Jumatano, na aliyejifungua haachwi kabla ya arobaini. Alhamisi nitakuja. Mpaka hapo mikono unayo. Kaa, tuanze upya."

Alikaa uani pale mpaka alasiri, akichovya kijiko na kusuuza, akisahihishwa kila mara: usitikise, usiharakishe, usitazame pembeni. Aliposhuka mlima mapaja yalimwuma, na kaunta buku alilokuwa amebeba lilikuwa na kurasa tatu mpya. Juu ya ukurasa wa kwanza aliandika: Mafunzo ya Bi. Mwaisha.

Jumapili, Angelina alimkuta bosi wake amekaa kwenye ile stuli fupi, mikono ya shati imekunjwa, mashine imefunikwa shuka. Ezekiel alieleza yote bila kujificha, pamoja na kuanguka njiani. Wakagawana kazi: huyu anachovya, yule anamwaga na kujaza spiriti, halafu wanapokezana. Kila kioo kilihitaji mizunguko arobaini, na kila mzunguko kusuuza mara sita. Walitengeneza viwili kwa pamoja. Vya kwanza kabisa viliharibika kwa sababu Ezekiel alipokea simu katikati ya mzunguko wa kumi na tisa, na tangu hapo simu zote mbili zilikaa kwenye droo.

Jumatatu adhuhuri kioo cha kwanza kilikamilika. Ezekiel alikishika kwa ncha za vidole. Juu juu, hakikuwa na kitu, kioo kitupu. Mgongo ulikuwa ukimwuma kwa siku mbili za kuinama, akainama tena, akakitazama kwa ubavu, akakielekeza dirishani kwenye mlima.

Utando ulikuwepo. Zambarau ilitandaa kutoka ukingo hadi ukingo, na alipokigeuza kidogo ikawa dhahabu, kisha kijani, kama petroli juu ya dimbwi la maji baada ya mvua. Hapakuwa na doa wala ukungu. Alifikiri juu ya vyumba visivyohesabika vilivyosimama humo, kila fito mahali pake, na juu ya mama aliyekuwa akivijenga hivyo kwa miaka bila mtu kuinama kuvitazama. Machozi yalimlengalenga, wala hakumficha Angelina. Walipowasha mwanga wa buluu, namba za kijimita zilipanda papo hapo, na walipouzima zikashuka.

Jumatano saa kumi na moja jioni kioo cha sita kiliingia kisandukuni.

Alhamisi wodini walikuwepo wakaguzi watatu. Mkubwa wao aliitwa Mhandisi Collins, mtu mrefu mwenye tai na maswali makali. Winfrida alikuwa amewasha taa zake nne katika chumba cha pembeni, vitanda vikiwa vitupu. Bi. Mwaisha aliingia akiwa na khanga mpya na ndala zenye udongo mwekundu wa milimani, akasimama karibu na mlango. Ezekiel aliacha alichokuwa anafanya akamfuata. "Shikamoo, mama," alisema mbele ya watu wote, akamleta mbele.

Kipimo kiliwekwa chini ya taa ya kwanza, namba zikapanda vizuri. Ya pili vilevile. Ya tatu zilipungua kidogo. Ya nne ndiyo iliyokuwa iking'aa kuliko zote kwa macho, na Winfrida alizoea kuwalaza chini yake watoto waliozidiwa. Namba zilipanda kidogo, zikasimama. Hazikufika hata robo ya taa ya kwanza. Collins aliagiza kioo kingine kijaribiwe, kisha kingine, mpaka vyote sita vikapita. Vyote vilisema jambo moja.

Winfrida aliifuata taa ya nne, akaichomoa kwenye umeme, akaisukuma mwenyewe hadi nje ya chumba, akarudi akifuta macho. "Niachieni vyote sita," alisema.

"Vitano," alijibu Ezekiel. "Kimoja kina ahadi mlimani."

Wakaguzi walinong'ona pembeni, na Collins akarudi akasema mradi unaendelea. Angelina alimkumbatia Bi. Mwaisha. Lakini Collins bado alikuwa na kioo kimoja mkononi. Alikiinua juu usawa wa taa, akakigeuza, akakunja uso.

"Nimepima, nimeamini," alisema. "Lakini mwenzenu sioni kitu hapa. Huo utando uko wapi?"

Bi. Mwaisha alifungua kinywa kujibu, ila Ezekiel alimtangulia, safari hii kwa sauti ya mtu anayejua anachokisema.

"Inama kidogo, mheshimiwa. Kitazame kwa ubavu, ukielekeze dirishani."

Mhandisi Collins aliwatazama, akamtazama na yule mama mwenye udongo miguuni aliyekuwa akimwitikia kwa kichwa. Akashika tai yake isining'inie, akainama. Alikaa hivyo kitambo, na uso wake ulikunjuka polepole rangi zilipomfikia machoni.

"Aisee," alisema kwa sauti ya chini, bado ameinama. "Aliyefundisha kazi hii ni nani?"

"Ni mama huyu," alisema Ezekiel. "Nami nilichelewa mwezi mzima kumuuliza."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.